Sindano Ilipopita Sikuwepo

Ndani ya treni ya asubuhi, muuguzi aliyetoka zamu alimuuliza mshonaji wa kiwandani, jirani yake wa kiti, kidole kile chenye bendeji kimefikwa na nini.

"Sindano ya cherehani ilipita hapa, dada. Sikuwepo."

"Hukuwepo, na kidole ni chako?"

"Mwili ulikuwepo, mimi nilishajiendea zangu. Kwa joto lile, ukibaki na akili yako utapiga kelele. Sasa bosi katuletea mwalimu wa kutufundisha kupumua. Madirisha tunayodai tangu enzi za mama yangu, hata tundu hatujapata!"

Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu. "Madirisha mdai, mwenzangu. Lakini pumzi si ya bosi." Akamshika vidole, akaviweka juu ya mshipa wa mkono wa mshonaji mwenyewe. "Huyo nani?"

Mshonaji alibonyeza. Chini ya ngozi kitu kiligonga, kikagonga tena, bila king'ora wala msimamizi. Miaka yote ya kushona kilikuwa kinagonga hivyo hivyo.

"Makubwa," alinong'ona. "Kumbe nimo!"

"Na leo utajiacha mlangoni?"

"Nikiingia mzima nitalisikia joto lote, dada. Nitasema. Watanifukuza."

Treni ikasimama kituo cha kiwanda. Alishuka taratibu, akiangalia kila anapokanyaga, na waliokuwa nyuma wakimfokea aharakishe.