Jino la Idarus na Matabibu wa Barazani

Baraza letu la Langoni lina kahawa nzuri na watu wa kunitia hasira. Asubuhi hii wamemweka Idarus katikati, shavu limefura, uso umepinda. Idarus hushona kofia kwa mkono, tundu kwa tundu. Macho yake ndiyo chakula cha wanawe. Tabibu wa meno alishamwambia jino la juu limeoza hadi mzizini, halizibiki, na lisipong'olewa usaha utapanda. Mwenzetu, badala ya kufungua kinywa kule, akaja kuuliza baraza. Baraza likakataa.

Aliyeanza ni Husni, tunayemwita Waya kwa kuwa aliwahi kufunga nyaya za taa msikitini. Akamwonyesha Idarus kidole, kwanza jino, kisha jicho.

— Ino la yuu na ito ni laini moya. Ukikata huku, kule kwazima.

— Nani kakwambia? nikamuuliza.

— Mimi ni fundi.

Fadhil, jina la utani Bingwa, akaleta habari za ami yake aliyeng'olewa jino akapoteza ndia, njia asiione tena: alitoka kwenda kuposa Kipungani, akafika Shela, upande wa pili wa kisiwa. Abdulwahid, ambaye ni Redio kwa sababu hazimiki, akasema meno yetu husafirishwa bara yakasagwe.

— Mwadhani dawa ya meno yatengezwa kwa nini?

Waya akaahidi kuleta maji ya betri, aliue jino lile pale lilipo. Hapo damu ikanichemka.

— Mtamuua nyinyi.

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Bingwa.

— Azitafune kwa meno yapi? Tangu juzi anakunywa uji kwa mrija.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, akadakia Redio. Na wewe wataka aufungue ufa?

Nikasukuma kikombe changu kando kwa ghadhabu.

Ndipo akaja Patroba, mwalimu wa kutoka bara, kuchukua kofia aliyoagiza kwa ajili ya mwalimu mkuu anayestaafu. Wakamweleza kwa kupokezana kwamba jino lisiguswe, jicho lisije likapofuka. Akainama, akamtazama Idarus usoni.

— Na hilo jicho mbona limefumba, na jino bado liko?

Waya akachungulia kikombe chake. Redio alizimika, mara ya kwanza tangu nimjue.

Idarus akatoa kofia. Ilikuwa nusu, na tundu za upande mmoja zimekwenda kombo.

— Nimeishona kwa ito moya, Bwana. Nishika mkono unipeke kwa tabibu. Ndia siioni.