Komeo la Ndani: Maisha ya Fondo Kazungu, Fundi wa Makontena ya Magogoni

Jamaa zetu mliotoka Ribe kwa gari la alfajiri, majirani wa Magogoni na Mtopanga, na nyinyi wenzetu mnaoishi katika yale makontena tisa ambayo mapaa yake nayaona kutoka hapa niliposimama, mimi ni Philister, mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenichagua niwasomee maisha ya kaka yangu kabla hatujampeleka nyumbani. Naomba mnivumilie nikikatisha kusoma na kuinua macho, kwa maana hofu niliyo nayo leo haitokani na kifo chake peke yake, na nitaieleza nikifika mahali pake.

Marehemu Fondo Kazungu Mrima alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Ribe, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kazungu Mrima na marehemu mama yetu Kadzo, akabatizwa mwaka huo huo kwa jina la Elija, jina ambalo hakulitumia popote isipokuwa kwenye kitambulisho. Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza darasa la saba mwaka 1965, na walimu wake walimsifu kwa hesabu na kumlaumu kwa utundu. Wala hakuwa mwoga, naomba hilo lijulikane, kwa sababu wengi wenu mlimfahamu akiwa ameshabadilika. Tulipocheza kujificha yeye alijifungia ndani ya ghala ya mahindi, gizani, pamoja na panya, mpaka sisi tukachoka kumtafuta tukaenda kula, na mara mbili mama alimkuta humo amelala fofofo.

Mwaka 1968 alikuja Changamwe kwa mjomba wetu, akajifunza kazi ya kuchomelea vyuma katika karakana ya mageti, na tarehe 4 Juni 1979 akaajiriwa katika yadi moja ya makontena hapo hapo Changamwe, kazi yake ikiwa kuziba matundu na kunyoosha milango iliyopinda. Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na wifi yangu Pascalia, aliyeketi hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wanne, Kazungu, Dhahabu, Nyevu na Karisa, wote wako hai na wote wako hapa.

Jumamosi tarehe 18 Februari 1984, saa saba mchana, kaka alikuwa ndani ya kontena akijiandaa kuziba tundu la ukubwa wa sarafu, karani akapita akiwa na haraka ya kwenda nyumbani, akaona milango iko wazi, akaisukuma, akakomea vyuma vyote vinne, akatia lakiri ya kufungia mzigo na kuondoka bila kuchungulia. Asiyelijua kontena na ajue leo kwamba mlango wake hukomewa kwa nje tu, kwa ndani hakuna pa kushika, kwa kuwa waliolitengeneza hawakufikiri mtu angekaa humo. Mashine ililinyanyua ikaliweka juu ya mengine mawili, na kaka akakaa humo na chupa moja ya maji, mdomo wake ameuweka kwenye lile tundu ambalo, kwa rehema za Mungu, alikuwa hajaliziba, akigonga bati kwa nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Jumapili saa kumi alasiri ndipo mlinzi wa yadi, Bwana Mbarak Stambuli, aliposikia mlio dhaifu wa kugonga, akadhani ni bati linapanuka kwa jua, akataka kupita, kisha akasimama. Alisimama tu, na kwa kusimama kule sisi tulipata miaka kumi na mitano zaidi ya kuwa na ndugu yetu.

Tangu siku hiyo hakulala tena katika nyumba iliyofungwa mlango. Alitandika mkeka kizingitini, nusu ya mwili ndani na nusu nje, mvua ikinyesha inamlowesha miguu, na sisi tulimcheka, tena mimi ndiye niliyemcheka kuliko wote, nikimwita mlinzi asiye na mshahara. Aliacha kazi ya yadi, akahamia Kisauni, akafungua karakana yake ndogo ya mageti na vitanda hapa Magogoni, na akaapa kwamba kontena hataligusa tena.

Mwaka 1991, baada ya vibanda kubomolewa na watu kulala vibarazani na watoto wao, kamati ya kanisa letu pamoja na wazee wa msikiti wa jirani waliomba na kupewa makontena tisa yaliyochakaa, yakaletwa kwenye kiwanja hiki tarehe 9 Septemba, wakatafutwa mafundi wa kuyageuza kuwa nyumba. Kaka alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja kuyatazama, akawakuta watu wameshaingia kulala katika kontena ambalo bado lina vyuma vyake vinne nje, na nilimwona kwa macho yangu akishika ukuta asianguke, kisha akakubali kazi, kwa sharti kwamba kila kontena likatwe madirisha mawili, vyuma vya nje viondolewe, na mlango utiwe komeo la ndani.

Ilikuwapo pia desturi yake moja ambayo haikuwa kwenye mapatano. Kontena likishakamilika, kabla ya kukabidhiwa mwenyewe, kaka aliingia ndani peke yake, akamwambia Bwana Mbarak, ambaye tangu siku ile ya yadi hawakuachana, aufunge mlango kwa nguvu zake zote, akakaa humo mpaka alipomaliza kuhesabu mia tano, ndipo akalifungua komeo kwa mkono wake na kutoka. Alitoka shati limelowa, midomo imekauka, na siku moja alitapika mbele ya wanakamati. Bwana Mbarak alimsihi akisema, "Fondo nduyangu, yatosha, mlango ni mzima wallahi," naye alijibu kwamba mlango ambao yeye hakuuogopa hawezi kumpa mtu mwingine alale nyuma yake. Alifanya hivyo mara tisa, na la mwisho alilikabidhi tarehe 30 Mei 1992.

Lakini jamani, mtu akiwa na nyumba anahitaji kufuli. Wezi walianza kuja mchana watu wakiwa kazini, wakachukua masufuria, wakachukua mpaka mablanketi, na wenye makontena wakatafuta mafundi wengine wawachomelee pete za kufuli kwa nje, jambo ambalo hakuna wa kulilaumu, hata kaka hakulilaumu. Hofu ilikuja pale mama asiye na wa kumwachia watoto alipoona afadhali awafungie ndani, wasigongwe na magari barabara ya Malindi, wasichukuliwe na mtu asiyejulikana, akatia kufuli, akafunga ufunguo kwenye pindo la leso, akaenda kuponda kokoto.

Tarehe 22 Januari 1998, saa sita mchana, kaka alipita kwenda kununua mtungi wa oksijeni ya kukatia chuma, akasikia kikombe cha bati kikigonga chuma, polepole, ndani ya kontena la saba, ambalo hata madirisha yake yalikuwa yamefungwa kwa hofu ya wezi. Siwezi kuificha aibu ambayo yeye mwenyewe alitaka isomwe, nayo ni kwamba hakufungua. Alikaa mchangani, akaziba masikio, akalia kwa sauti, na ni kilio chake kilichowaleta watu na Bwana Mbarak na mtaimbo, wakaivunja pete. Wana wawili wa Mwikali, mama wa kontena lile, walitolewa wakiwa hai, mkubwa akitembea, mdogo hajitambui, akalazwa siku nne na kutiwa maji kwenye mshipa. Mwikali alipoulizwa alisema, "Fundi, huko nje kuna wezi na magari, ndani kuna joto tu, sasa mimi niogope gani?" Dada Mwikali, uko hapa, na umeniruhusu niyasome haya, nakushukuru.

Kuanzia kesho yake mpaka alipolazwa, kaka alikwenda kwenye makontena kila siku saa nne asubuhi na tena saa saba mchana, akabisha milango yote tisa kwa spana, na penye mtoto akamsemesha kupitia dirishani, akampa maji, na penye joto kali akamfuata mama kazini kuchukua ufunguo. Wengine walisema amerukwa na akili. Hakukosa hata siku ya Pasaka, wala Idi.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kifua, kwa moshi wa miaka thelathini ya kuchomelea, ukaanza Agosti 1998, akalazwa tarehe 11 Desemba, akawekwa kitanda cha karibu na mlango kwa ombi la wifi, na akaaga dunia Ijumaa tarehe 19 Februari 1999, saa kumi na moja alfajiri, mlango wa wodi ukiwa wazi. Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliouacha mlango huo wazi kinyume cha utaratibu wao, mafundi wenzake waliochanga gari, majirani mliopika na kukesha, kanisa na msikiti, na Bwana Mbarak, ambaye sijui tumwite nani katika ukoo wetu ila ndugu.

Hospitalini kaka alituomba, mimi na Mbarak, kwamba sanduku lake lisipigiliwe misumari, litiwe komeo, na komeo liwe kwa ndani. Nilianza kucheka kama nilivyozoea, kisha nikaona hacheki. Bwana Mbarak amelitia jana, dogo, la shaba, na leo asubuhi amelijaribu mara tatu.

Sasa nimefika kwenye hofu yangu. Hakuna aliyebisha milango ile tangu tarehe 11 Desemba. Nimeamka nayo hofu hii leo, nimesoma karatasi hii nikiwa nayo, na kila ninapoinua macho nawaona nyinyi akina mama wa makontena, mmekuja wote kumuaga, mmevaa vizuri, mmejipanga safu tatu chini ya turubai, na sasa ndipo natambua kwamba sioni watoto wenu. Ni saa tano na robo, jua la Februari liko juu ya yale mapaa, na saa nne imeshapita. Sitamhukumu mtu, mimi mwenyewe ningewaza hivyo hivyo, kwamba kwenye msiba kuna msongamano na magari, afadhali wakae ndani. Lakini naomba mfungue mapindo ya leso zenu, mtoe funguo, mwende sasa hivi, mbio, bila kuona haya. Hatutaimba, hatutafunika sanduku, wala gari la Ribe halitaondoka mpaka mrudi nao hapa tuwaone wote.

Pumzika kwa amani, Fondo, mwana wa mama yangu, Mbarak ameshachukua spana yako na amekwenda kubisha.