Siafu Walipoingia Kwenye Vizimba

Kaeni, akina mama, nyimbo baadaye. Mwenyekiti amenituma niwaambie banda gani linafaa kuku wa mayai, kwa sababu kikundi hiki kinabishana kila mkutano, huyu vizimba vya waya, yule maranda ya mbao sakafuni, karibu mshikane nywele. Sawa. Lakini mimi mabanda nilijifunza kwa damu, na hivyo ndivyo nitakavyowaeleza. Mwenye roho nyepesi atoke nje akanywe chai.

Bwana yangu alikufa miaka ile Uhuru ulikuwa bado mchanga, wazungu wanauza mashamba hapa Mweiga wakienda zao. Udongo wa kaburi haujakauka, shemeji akaja akachukua ng'ombe, akachukua mbuzi. Kuku akaniachia. Mnajua kwetu, mwanamume kugombania kuku ni aibu, hiyo ni mali ya wanawake. Akaniambia, "Kaa na kuku zako. Zikikushinda, utarudi kwa baba yako. Watoto watabaki, ni wa ukoo."

Watoto wawili, ndugu zangu! Niliwazaa mimi, si ukoo. Tangu siku hiyo kila yai nililookota lilikuwa la kunibakisha na watoto wangu.

Mwanzo kuku walijitembelea huria. Mwewe akawabeba, wakataga ndani ya viazi, panya wakala mayai. Nikawafungia kwenye banda la maranda, nikawajaza mpaka hakuna pa kukanyaga. Baridi inayoshuka milima ya Nyandarua mnaijua. Nikafanya kama kila mtu hapa, nikaziba madirisha kwa magunia. Banda likanuka hadi macho yakawasha. Asubuhi moja nafungua mlango, nakuta kuku anatembea na wenzake wanamvuta matumbo kwa nyuma. Yu hai! Niliwachapa fimbo, wakatawanyika, wakamrudia. Nawaambia, kuku akishaonja damu ya mwenzake, haachi. Wiki hiyo nilizika kuku mpaka nikachoka kuchimba.

Hapo nikasikia mzungu mmoja amehama na kuacha vizimba vya waya nyuma ya nyumba. Nikavibeba kwa mgongo, nikavipanga ukutani, kila kuku na chumba chake. Kudonoana kukaisha. Mayai yanateremka safi, nayaokota nikiimba. Nikasema, shemeji atangoja sana!

Halafu zikaja mvua ndefu. Nilikuwa nimepeleka mayai soko la Karatina. Narudi alasiri, niko bado njiani, nikasikia kuku wakipiga kelele ambayo sijawahi kusikia, nikakimbia hadi nyumbani. Siafu! Ukuta mzima mweusi, unatembea. Kuku wanajipiga kwenye waya mpaka mabawa yanavunjika, siafu machoni, siafu mdomoni, wengine wanaingilia nyuma. Na hakuna pa kukimbilia, mimi ndiye niliyewafunga. Nikararua milango kwa mikono hii, waya ukanichana, nikawatupa nje mmoja mmoja. Wengine wamekufa, wengine heri wangekufa. Siafu wakanipanda mpaka kwenye matiti. Nilipiga nduru mpaka sauti ikakauka.

Mama mkwe akaja. Huyu mama tangu mazishi hakuwa amenisemesha. Alikuja na beleshi limejaa jivu la moto, akawamwagia siafu, akakimbia jikoni, akarudi na lingine. Kuku wake wa huria walikuwa juu ya paa, wazima kabisa, wametoroka zamani.

Shemeji naye akafika, akaangalia mizoga, akacheka. "Ati mfugaji! Funga mzigo leo leo." Akamshika msichana wangu mkono, akamburuta. Nikamrukia, nikamuuma bega. Akanipiga ngumi, jino la hapa likatoka, nikaanguka juu ya kuku waliokufa. Akainua mguu anikanyage kichwa.

Beleshi likampata mbavuni. Ni mama yake! Akamtandika tena, begani, mtu mzima akapiga magoti.

"Mama, unaniua?"

"Ng'ombe ulichukua, nikanyamaza. Mbuzi ulichukua, nikanyamaza. Mtoto huwezi kumtoa kwa mama yake nikiwa hai. Toka kwangu!"

Akatoka ameshika mbavu. Watoto hakuwataja tena.

Wale kuku tuliowatupa nje, wachache walipona. Mimi na mama mkwe tukajenga banda jingine. Chini maranda makavu, tunayageuza. Madirisha ya wavu pande mbili, hewa ipite juu ya vichwa vyao, na gunia hatuzibi tena hata baridi iwe vipi. Kuku wachache, viota vya giza, vijiti vya kulalia. Mlango wa kutokea kwenye ua uliozungushiwa wavu, na jivu kuzunguka banda lote, kila mvua ikinyesha tunaongeza. Mwenye vizimba sitamtukana, mayai atapata. Lakini ajue amechukua miguu ya kuku, kwa hivyo siku ya hatari yeye ndiye wa kuwakimbilia. Asiende sokoni akaacha ukuta bila jivu.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru majirani walioniletea vifaranga na hawakuniuliza nitawarudishia nini. Na wewe mama mkwe, uliyekaa hapo mbele na blanketi, uliniambia unajuta kwamba ulinyamaza mwanzo. Akina mama, mkimwona mjane anaonewa, msingoje mpaka ang'olewe jino ndipo mshike beleshi.

Nyinyi wawili wa kule nyuma, hebu simameni watu wawaone. Msione haya. Hawa ndio. Wote wawili walikulia kwangu.