Fomu ya Mpwa wa Chuma

– Laki mbili na nusu! Umemtumia mtu usiyemjua, tena kwa mkono wako mwenyewe, halafu unatukaripia sisi?

– Nawakaripia kwa sababu mnauliza upuuzi.

– Kuuliza mtoto anaumwa nini ni upuuzi?

– Haumwi! Yuko bwenini, mzima, amekalia begi lake.

– Lakini ana kitu, Chuma. Tapeli hakubahatisha. Ana kitu gani?

– Hakikuhusu, Asilimia. Kunywa kahawa yako.

Walikuwa mbele ya karakana ya Chuma, mchomeleaji wa mageti na madirisha, kwenye benchi aliloliunga mwenyewe kwa mabomba yaliyobaki. Mguu mmoja ulitoka mfupi, na kila akiambiwa aurefushe husema kesho. Shangazi, muuza kahawa ambaye wote humwita hivyo, hukaa upande wa mguu mzima, na hapo hamwachii mtu. Asilimia ni dalali wa nyumba; jina kalipata kwa kuwa hata akikuonyesha njia ya kwenda msalani, husimama akingoja chake. Antena anatengeneza simu kwenye kibanda cha jirani, na hakuna jambo, liwe mvua au talaka, ambalo hajalipatia mnara wa simu wa kulaumiwa.

Asubuhi ile, kabla Chuma hajawasha mashine, alipigiwa simu na mtu aliyejiita daktari. Mtu huyo alijua jina la mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Alijua kitivo anachosoma, namba yake ya usajili na chumba anacholala. Hayo Chuma angeyatilia shaka. Lakini yule mtu akautaja ugonjwa, kwa jina lake kamili. Ugonjwa huo binti ameuficha tangu shule ya msingi, alipochekwa darasani mpaka ikabidi ahamishwe. Chuoni hakuna rafiki aliyemwambia. Aliuandika mahali pamoja tu, kwenye fomu ya afya, siku ya kuripoti.

Yule mtu akasema binti kazidiwa, hela ya dawa inatakiwa upesi, na Chuma akatuma hela ya vyuma vya mteja. Kisha akampigia binti, akamkuta katoka darasani, anacheka na wenzake. Alipomweleza, kicheko kikakatika. Binti akajitenga na wenzake. Halafu akasema, "Kumbe wanajua, Mjomba. Mimi narudi nyumbani." Na kweli akaenda kufunga begi. Chuma alimbembeleza asipande gari kwanza, ampe nafasi atafute jibu la jambo moja: siri imetokaje?

– Ni simu, alisema Antena. Simu inasikiliza. Ukilalamika mgongo, jioni inakuletea tangazo la godoro.

– Hatujawahi kuutaja kwenye simu. Hata nyumbani hatuutaji. Tunauita mgeni. "Mgeni kaja leo?" "Hajaja." Basi.

– Mgeni, alisema Asilimia, akikuna kidevu. Kwa hiyo ni kitu cha kuja na kuondoka. Basi itakuwa ni...

– Asilimia! Ukimaliza hiyo sentensi, hilo benchi utalisikia kwenye meno.

– Haya, yaishe. Mimi nasema biashara. Mimi nikileta mpangaji napata changu, siyo? Sasa mtu akimpelekea muuza dawa mgonjwa, atatoka mikono mitupu? Pale chuoni kuna dalali ndani kwa ndani. Namnusa kutoka hapa.

– Unajinusa mwenyewe, alisema Shangazi, akimwongezea kahawa.

– Msikilizeni mtaalamu, alidakia Antena. Pale kwenye bwalo la chakula kuna mashine ya kidole. Binti hali mpaka aweke kidole. Nyie mnadhani inasoma kidole? Inavuta damu! Tone dogo, hujisikii. Wakifika kwenye matunda, chuo kizima kimeshapimwa.

– Na hiyo damu inakwenda wapi?

– Kwenye mnara.

– Ndiyo maana nyama zao ndogo, alisema Asilimia. Wanafidia gharama za vipimo.

– Na picha ya kitambulisho! Antena alishapanda moto, kahawa inamwagika vidoleni wala haoni. Kwa nini wanakukataza kucheka? Kwa sababu ukicheka mashavu yanapanda, kompyuta haioni ini!

– Nyamazeni! Chuma alipiga nyundo juu ya bomba, vikombe vikaruka. Mwanangu anataka kuacha chuo, nyie mnaniletea habari za maini!

Shangazi akaweka birika chini, akasema kwa upole:

– Chuma, baba, sisi ni watu wako. Si utuambie tu? Labda kuna msaada.

Chuma alimtazama, hasira ikamshuka kidogo. Mama huyu ndiye aliyekaa na binti kila Chuma alipokwenda kazi za mbali. Kumnyima jibu kulimuuma.

– Ukiujua utaufanyia nini, Shangazi?

– Nitamwombea.

– Mwombee bila kuutaja. Mungu anaelewa.

Shangazi akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Asilimia alitaka kusema kitu, akatazamwa na wote wawili, akakimeza.

Wakati huo akafika mama mmoja aliyekuja kuulizia geti lake. Hakuwa mtu wa kijiweni, kwa hiyo akakaa upande wa mguu mfupi, na benchi zima likamwinamia. Akajishika, akaomba radhi, akasikiliza. Alipoona hakuna anayezungumzia geti, aliuliza:

– Samahani, baba. Hiyo fomu ya afya, wakishaisoma, inakwenda wapi?

Antena alifungua mdomo. Safari hii mnara haukutoka. Chuma naye alikumbuka alivyotia sahihi pale chini, mahali pa mlezi, akikandamiza kalamu kwa fahari mpaka karatasi ikatoboka. Yeye na binti walijibu kila walichoulizwa. Wao hawakuuliza kitu.

– Sijui, alisema.

Akavua glovu, akatoa simu, akaweka spika.

Ofisi ya usajili walimwambia wao hukusanya tu, aulize zahanati. Zahanati wakamwambia fomu zilichukuliwa na ofisi ya mabweni zikaingizwe kwenye kompyuta, na hazijarudi. Kila aliyemwambia asubiri, alisubiri. Kila aliyemwambia apige baadaye, alimjibu, "Baadaye ndiyo sasa." Mwishowe akapokea msimamizi wa mabweni, mwanamke mwenye sauti ya kuchoka, nyuma yake mlango unagongwa bila kukoma.

– Niambie namba ya usajili, mzee wangu. Ndiyo... huyu hapa. Nimemwona. Chumba chake ni cha ghorofa ya pili, na hapa naona ana...

– Usisome!

Kijiwe kizima kilikuwa kimeinamia simu. Asilimia alikaribia kuanguka.

– Mama, umejuaje mimi ni mlezi wake?

– Umesema mwenyewe.

– Na yule tapeli naye angesema mwenyewe?

Upande wa pili mlango uligongwa, wala hakujibu aliyegonga.

– Mzee wangu, taarifa zetu ziko salama. Zimo kwenye faili lenye neno la siri.

– Nani analo hilo neno la siri?

– Ofisi tu.

– Ofisi ni nani na nani?

– Mimi, na msaidizi wangu. Na mkandarasi wa chakula, maana kuna wanafunzi wasioruhusiwa vyakula fulani. Na kampuni ya bima. Na wale wanaotutumia ujumbe kwa wazazi. Na viongozi wa wanafunzi, kila ghorofa ina wake, ili mtoto akizidiwa usiku wajue la kufanya. Tulifanya kwa nia njema kabisa.

– Anayepika anahitaji namba yangu ya simu?

– Hapana.

– Anayetuma ujumbe anahitaji kujua ugonjwa wa mtoto?

– Hapana, ila faili ni moja. Tunalituma zima. Ukianza kulikatakata, majina yanahama mistari, huyu anapata chumba cha yule. Mwaka jana tulijaribu, wavulana wakapangiwa bweni la wasichana, nilitukanwa mimi. Tangu hapo anayeomba chochote, tunampa lote.

– Bure? alinong'ona Asilimia, uso umemsawijika kama aliyeibiwa. Wanalitoa bure?

Mama wa geti alimkata jicho. Chuma aliinua mkono wapate kusikia.

– Sasa katika wote hao, nani kampa tapeli?

– Kwa kweli siwezi kujua. Likishatoka, limetoka. Pole kwa hela yako, mzee wangu. Nenda polisi, huenda ikapatikana.

– Polisi nitakwenda. Hela nitamdai aliyeila, hiyo ni kesi yangu na yeye. Wewe sikudai hela.

– Basi andika barua kwa uongozi, ueleze malalamiko. Yatajadiliwa kikaoni.

– Mama, binti yuko ghorofa ya pili juu ya kichwa chako, amekalia begi. Anadhani kila anayepishana naye kwenye ngazi anaujua mwili wake. Na kwa ulivyoniambia, sina cha kumbishia. Yeye hangoji kikao. Gari likija anapanda, na miaka yote niliyochomelea mageti ya watu ili asome itakuwa imeishia kwenye faili lako.

Simuni, mlango uligongwa tena, na msimamizi akasikika akisema kwa ukali, "Ngojeni nje!" Kisha kiti kikasukumwa. Aliporudi, sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

– Nami nina binti, alisema. Pole sana, baba. Nasema kutoka moyoni, pole.

– Asante. Lakini sitaki pole. Nataka kila mliyempa lile faili, kwa jina lake, mmoja mmoja. Nataka kila mmoja aambiwe alifute, leo, na wewe uhakikishe. Halafu upande hizo ngazi ukamwambie binti kwa mdomo wako nani alikuwa nalo na nani hanalo tena. Sikati simu. Soma jina la kwanza.