Chombo cha Ishirini cha Marehemu Fransisko Romanus Mbano

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padre, wazee wetu, shikamooni, majirani wa Msamala, ndugu zetu Waislamu mliokuja kutushika mkono, na wote mliosimama juani kwa sababu turubai limekuwa dogo, mimi ni Jane Mbano, mdogo wake marehemu anayemfuata, na ukoo umenipa kazi hii kwa kuwa mimi ndiye niliyegombana naye zaidi, kwa hiyo ndiye ninayemjua zaidi.

Marehemu Fransisko Romanus Mbano alizaliwa tarehe 9 Novemba 1971, katika kijiji cha Matimira, Wilaya ya Songea, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Romanus Mbano na marehemu Mama Walburga Komba, na alibatizwa akiwa na wiki mbili, huku akilia, alivyosimulia mama, mpaka katekista akapoteza ukurasa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Matimira kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari ya kutwa hapa mjini kuanzia 1986 hadi 1989, kisha akajiunga na chuo cha ufundi huko Mtwara, mwaka 1990 hadi 1992, akahitimu uchoraji wa ramani za majengo. Ni huko Mtwara, Jumapili moja baada ya Misa, alipoingia kwenye banda la video akaona filamu ya watu wanaosafiri angani katika chombo kikubwa kuliko kijiji, na akatoka na swali ambalo wenzake hawakuwa nalo, kwamba chombo kile kina urefu wa mita ngapi.

Alifanya kazi ya kuchora ramani kwa mkandarasi mmoja hapa Songea kuanzia 1993 hadi 2008, kisha akafungua ofisi yake Msamala, chumba kimoja, upande wa dirishani kompyuta yake, upande wa mlangoni cherehani ya mkewe. Tarehe 27 Septemba 1997, kanisani Mjimwema, alifunga ndoa na Pamela Ndunguru wa Mbinga, fundi wa nguo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kajetani, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1999, na Batilda, aliyezaliwa tarehe 18 Januari 2004, ambao wote wako hapa.

Sasa niseme juu ya kazi yake nyingine, maana wengi mmekuwa mkiuliza kwa kunong'ona. Tangu mwaka 2006 marehemu alikuwa akijenga, ndani ya kompyuta, vyombo vya angani vya kwenye filamu. Aliisimamisha filamu picha kwa picha, akampima mtu aliyesimama mlangoni, kutokana na mtu akapata mlango, kutokana na mlango akapata ukuta, na kutokana na ukuta akapata chombo kizima, bati kwa bati, mpaka unaweza kukizungusha kwenye kioo na kukichungulia uvunguni. Havishikiki wala havipandwi, na aliwapa bure watu wa nchi za mbali wenye ugonjwa kama wake. Mimi nilimwambia mara mbili afuge kuku. Alinijibu kwamba kuku hawana pembe mraba.

Alikuwa na sheria moja, kosa likionekana linabomolewa. Mwaka 2012 alichanganya karatasi, ramani ya nyumba ya Mzee Sefu wa Namasakata, kule Tunduru, ikaondoka na ukurasa mmoja wa chombo, na kwa kuwa ukurasa ule ulikuwa na vipimo kamili na mhuri wa ofisi, fundi hakuuliza, akachimba msingi wa chumba cha pembe nane chenye milango ya kuteleza. Fransisko alipopata habari alipanda basi siku hiyo hiyo, akashika jembe mwenyewe, akafukia mitaro mpaka wa mwisho, ingawa Mzee Sefu, ambaye yupo hapa leo, alikuwa amekwisha kuupenda na alitaka uwe ghala la korosho.

Hivyo alikamilisha vyombo kumi na tisa. Cha ishirini, kile kile cha bandani Mtwara, alikianza mwaka 2014, na hicho ndicho alichotaka kukimaliza kabla hajafa, tena akimalize kwa haki, kama kilivyo kwenye picha. Alituambia hivyo waziwazi, kama watu wengine wanavyosema juu ya shamba au nyumba ya bati.

Mwaka 2016 aligundulika kuwa na kisukari, mwaka 2020 macho yakaanza kufifia, na kufikia Agosti 2022 alikuwa haoni kabisa. Sisi ndugu tulidhani mambo yameishia hapo. Hatukumjua Pamela. Alisogeza kiti chake kutoka kwenye cherehani, akajifunza kushika mausi ya kompyuta, akawa macho ya mumewe, yeye akieleza anachokiona na mumewe akimpa vipimo, na vipimo hivyo akaviandika kwenye daftari lake la wateja, bawa la chombo likafuatana na kiuno cha mama fulani wa kwaya.

Mwezi Machi 2024 Pamela aliona jambo. Upande wa kushoto wa chombo, ambao marehemu alikuwa ameujenga kwa miaka minne wakati bado anaona, ulitokana na picha moja ambayo nahodha anaonekana dirishani, na Pamela, ambaye ameshona mashati maisha yake yote, aliona kwamba shati la nahodha limefungwa kwa vifungo vya upande wa kike na mfuko umehamia kifua cha kulia. Katika picha nyingine zote shati lile lile lilikuwa sawa. Kumbe wenye filamu waliigeuza picha, kama nguo iliyogeuzwa nje ndani, na Fransisko alikuwa amejenga upande wa kulia mara mbili. Kushoto halisi kulipita mwishoni mwa filamu kwa sekunde chache, naye siku zote alidhani wenye filamu ndio waliokosea.

Pamela alikaa na jambo hilo siku tisa. Akaja kwangu, akaniuliza, wifi, nimwambie au ninyamaze, maana haoni tena, na tukibomoa sijui kama siku zitatosha. Nami, mbele ya jeneza hili nakiri, nilimshauri anyamaze, nikasema mwache mgonjwa na raha yake. Hakunisikiliza, na nashukuru. Alimwambia wakiwa mezani mchana, Fransisko akamaliza tonge lake, kisha akacheka mpaka akapaliwa, akasema, mama Kajetani, miaka yote hii mimi natazama mabati, wewe umetazama vifungo, bomoa.

Walianza upya, Fransisko akiwa na figo zilizokwisha kuchoka, na kwa miezi kumi na minne nilisikia kicheko kwenye chumba kile zaidi kuliko katika miaka yote aliyokuwa mzima. Tarehe 3 Juni 2025, Jumanne, saa mbili asubuhi, alifariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miezi sita na siku ishirini na tano. Vipimo vyote vilikuwa daftarini. Yalibaki mabati matatu.

Jana asubuhi Pamela aliomba ainuke mkekani kwa muda mfupi. Mnajua desturi yetu, mjane hagusi kazi mpaka tanga lianuliwe, na minong'ono ikaanza, mimi pia moyoni nikasema, wifi, watu watasemaje. Shangazi yetu Hilda, ambaye ndiye mkubwa wa kina mama katika msiba huu, aliuliza ni kazi gani, akaelezwa, akafikiri sana, kisha akasema kwamba mke kumvika mumewe nguo ya mwisho hakujawahi kuitwa kazi, mpisheni apite. Tukampisha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hata alipowauliza upana wa milango ya wodi, jumuiya yetu ndogo ndogo, majirani waliopika na kuchota maji, mafundi ujenzi wa mji huu waliochimba kaburi na kulipima mara mbili kwa heshima yake, na wale wa nchi za mbali waliotuma pole kwa lugha ambazo Batilda ametusomea.

Neno lililobaki ni lako peke yako, kaka. Pamela ameniagiza nikwambie kwamba jana, saa tano na robo, alifunga bati la mwisho, akakizungusha chombo chote polepole, akakikagua kama anavyokagua suti ya bwana harusi, na hakuona cha kubomoa. Pumzika kwa amani, Fransisko.