Mwalimu Eutimio Illescas, Aliyemwandikia Kila Mtu Noti Zake

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Mahindi yamekauka vizuri wiki hii, na barabara ya juu inapitika. Sasa vuteni viti. Leo sisomi matangazo ya ng'ombe waliopotea, wenyewe watanisamehe. Leo tunamkumbuka Mwalimu Eutimio Illescas Bautista, tuliyemzika Alhamisi hapa kwetu Santa Rosalía Yagavé, katika milima ya Oaxaca. Alikuwa na miaka themanini na moja. Kati ya hiyo, hamsini na nane aliongoza bendi yetu ya matarumbeta. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: aliishi miaka themanini na moja, na hamsini na nane alisimama mbele ya bendi. Ametuachia tungo mia moja na kumi na mbili.

Niseme mapema: sikuja hapa kulia. Nimejaa fahari mpaka kooni, na sitaificha.

Alizaliwa nyumba ya tatu chini ya kanisa. Alijua kusoma noti kabla ya kujua kusoma herufi, kama wengi wetu. Bendi alikabidhiwa akiwa na miaka ishirini na mitatu. Kwa nini yeye? Dada yake, Bi Otilia, ana jibu. "Wengine walikuwa wazee na wagomvi," anasema. "Yeye alikuwa mgomvi tu."

Mnajua desturi yetu. Anayepiga katika bendi hapangiwi zamu ya ulinzi wala msaragambo wa barabara, maana kupiga ndiyo kazi yake kwa kijiji. Kwa hiyo ukimtoa mtu kwenye bendi, hukumnyang'anya chombo tu. Umemwambia mbele ya watu kwamba kiti chake hakimhitaji. Hilo lishikeni, tutalirudia.

Karatasi za noti za bendi nyingine zimeandikwa juu yake: tarumbeta ya kwanza, klarineti ya pili. Za Mwalimu Eutimio zimeandikwa majina. Odilón. Delfina. Crescencio. Kabla ya kutunga alimwita mtu nyumbani, akampa kahawa, akamwambia apige anachoweza. Alisikiliza pumzi yake inaishia wapi, naye akaandika mpaka hapo. Mimi mtangazaji wenu nilipiga klarineti miaka minne. Kipaji sikuwa nacho. Mama yangu alikuwa akifunga madirisha. Mwalimu aliniandikia noti sita. Sita tu, wapendwa. Lakini siku nilipougua, watu waliuliza mbona wimbo umepungua.

Sasa tuje kwa Crescencio Marcial. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta wetu wa kwanza, noti zake za juu zilisikika mpaka bondeni. Miaka thelathini na saba iliyopita nyumbu wake wa mizigo alimpiga teke la mdomo, akamng'oa meno manne ya mbele. Kidonda kilipona. Noti za juu hazikurudi. Basi Crescencio akaifunga tarumbeta katika shali la mkewe, akaenda kwa Mwalimu, akaiweka mezani. Aliomba afutwe kwenye bendi, apangiwe zamu ya ulinzi kama watu wengine. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na alilisema hilo akiangalia sakafu.

Mwalimu hakuigusa tarumbeta. Alimwomba apige kilichobaki. Zilibaki noti tano, zote za chini. Akamwambia arudi Jumapili.

Jumapili kulikuwa na wimbo mpya, jina lake "Nyumbu wa Crescencio". Bendi nzima inapanda, inapanda, inafika kileleni, pale ambapo kila mwenye masikio anaingoja tarumbeta. Na pale pana kimya. Mapigo manane, hakuna anayepiga chochote. Kisha Crescencio anaingia kule chini na noti zake tano, taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani kwa mlango wa jikoni. Kila tunapoupiga hapa redioni, lazima mtu apige simu kuuliza kama umeme umekatika. Na ninajua nyumba ambamo redio hupigwa makofi.

Crescencio alipoliona jina la wimbo alikasirika kidogo. "Yaani umemtungia wimbo mnyama aliyenivunja meno?"

"Yeye ndiye aliyenipa wazo," Mwalimu akamjibu. "Wewe ulilala chini tu."

Mwaka huo tulikwenda Yalosé, kijiji jirani, kwenye sikukuu yao, kama wao wanavyokuja kwetu. Bendi yao iliongozwa na Mwalimu Wulfrano Cosme, aliyefundishwa jeshini, mtu wa viatu vinavyong'aa hata kwenye tope. Tulipofika kwenye kimya, Yalosé wote walicheka, wakidhani mtu wetu amesahau. Wulfrano akasema mbele ya watu, tamale za unga wa mahindi zikiwa bado za moto:

"Mwalimu mwenzangu, wimbo wako una tundu. Nipe wiki moja nikuzibie."

Tulicheka kwa adabu. Lakini jambo lilikuwa zito. Mjini kulikuwa na tamasha kubwa la bendi, na waandaaji walitaka wimbo mmoja kutoka milima yetu. Waliutaka huo. Sharti lilikuwa moja: yale mapigo manane yajazwe noti za juu, na kiti cha kwanza akikalie mpiga tarumbeta mwingine. Yagavé haikuwahi kusikika mjini hata mara moja.

Mjane wa Mwalimu, Mama Herlinda, amenisimulia wiki hii jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Aliziandika hizo noti, mwanangu. Alikuwa akiziimba kwa mdomo, na mimi nikaacha kukanda unga. Zilikuwa nzuri, Mungu anajua. Halafu akashika kifutio, akafuta mpaka karatasi ikatoboka."

Baraza la kijiji likamwita. Ukumbi ulijaa. Walimwambia anatunyima wote heshima kwa ajili ya mtu mmoja. Crescencio mwenyewe alisimama kule nyuma, akasema yuko radhi kukaa kando, hana kinyongo na mtu. Mwalimu akageuka.

"Kaa chini, Crescencio. Mimi siiandikii tarumbeta. Nakuandikia wewe."

Hatukwenda mjini. Nasema tena: hatukwenda. Kijiji kilinuna miezi mingi, wengine salamu walimnyima, na Yalosé wakatubandika jina, watu wa matundu. Yeye alisema tu kwamba kila ndege huruka na mbawa zake, akaongeza kahawa. Lakini Mama Herlinda ananikataza nisimfanye mtakatifu. "Ilimuuma," anasema. "Mjini alikutamani kama mtu yeyote."

Crescencio alikaa kwenye kiti chake miaka ishirini na minane zaidi, mpaka alipofariki. Kiti kikachukuliwa na mjukuu wake, Zenaida, mwenye meno yote na noti za kufika mawinguni. Zenaida aliuliza kama sasa ajaze kile kimya. Mwalimu alimwambia, "Wimbo ule ni wa babu yako. Wewe nitakutungia wako." Akamtungia, mgumu kweli, na Zenaida hulalamika mpaka leo kwamba mzee alimkomoa.

Sasa Alhamisi. Tulikuwa tumetoka na jeneza kanisani tuliposikia ngoma kubwa upande wa juu. Hatukuwa tumemwalika mtu. Ilikuwa bendi ya Yalosé, watu arobaini, wamevaa sare, wametembea tangu alfajiri. Mbele yao Mwalimu Wulfrano, miaka themanini na minne, anashikwa mkono, viatu vinang'aa. Walisimama uwanjani, wakapiga "Nyumbu wa Crescencio".

Yalosé wana wapiga tarumbeta watatu, na nimewaangalia vinywa: hakuna aliyepungukiwa na jino. Bendi ikapanda, ikapanda, ikafika kileleni. Wote watatu wakashusha tarumbeta. Mapigo manane. Uwanja mzima haukukohoa. Kisha zikaja zile noti tano, kule chini. Zenaida alikuwa amesimama karibu yangu, na mkono wake ulinibana mpaka nikaumia.

Baadaye Wulfrano alimwendea Mama Herlinda, akatoa kikaratasi cha manjano mfukoni. Zilikuwa noti za kuzibia, alizoziandika mwaka ule ule. "Shemeji," alimwambia, "washia hii moto wa kahawa." Mama Herlinda akawashia. Na kahawa ile tuliinywa wote, Yagavé na Yalosé.

Mama Herlinda, Bi Otilia, watoto na wajukuu wote: redio hii inawapa pole, na inawashukuru kwa kutuazima mtu wenu miaka hamsini na minane. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkiwa shambani au jikoni, mtazameni yule mnayemwona hafai tena. Mwulizeni amebakiwa na noti ngapi.

Sasa tunaupiga wimbo wenyewe. Mkifika pale kwenye kimya, msiipige redio makofi. Redio ni nzima. Hapo amekaa Crescencio.