Pamba ya Mlinzi

Ndani ya basi, mlinzi wa matamasha ya muziki alikuwa akiviringa pamba ya kuziba masikio, akisema kazini husimama kando ya spika. Dada wa kiwanda cha nguo, jirani yake wa kiti, alishindwa kunyamaza. “Kaka, pamba haizuii kitu. Sisi kwenye mashine tunavaa vizibo. Na si usogee mbali na spika?”

“Nisogee wapi, dada yangu? Pale kwenye spika hakuna mlevi anayekuja kunigombeza. Hatusikilizani.”

Dada akaona hiyo nayo ni akili, ila ya mtu aliyechoka. “Na nyumbani?”

“Mwanangu ameanza kuita baba. Kasauti kenyewe kembamba, mama yake ndiye huniambia naitwa.”

Basi likasimama. Dada akamtilia mkononi vizibo vipya. Mlinzi akavitia mfukoni, akashuka akijiziba masikio kwa pamba yake.